Stihl 070, MS 382, Husqvarna 372 au ya Kichina: chenso ipi kwa kazi ipi

Anayenunua chenso yake ya kwanza ya kazi huuliza: Stihl au Husqvarna? Swali hilo mimi ningeliweka la tatu. La kwanza ni unakata nini. La pili ni fundi na spea viko umbali gani kutoka kambini kwako. Ukishayajibu hayo mawili, la tatu mara nyingi limeshajijibu lenyewe.

Naandika nikiwaza zaidi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania: Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete. Huku miti mingi ni ya kupandwa, misindano na mikaratusi, na mbao hupasuliwa na dingidongo, ile mashine ya msumeno wa duara inayovutwa hadi shambani. Kazi ya chenso hapo ni kuangusha, kutoa matawi na kukata magogo kwa urefu ambao dingidongo inautaka. Ni tofauti kabisa na kazi ya mtu wa Tabora, Ruvuma au Kongo anayesimama juu ya gogo la mti mgumu na kulipasua kwa chenso mkononi, akifuata mstari wa kamba iliyochovywa kwenye oili chafu.

Wa kwanza anahitaji wepesi na kasi. Wa pili anahitaji injini inayosukuma taratibu kwa muda mrefu bila kupumzika. Hakuna mashine inayowafaa wote wawili vizuri, na ubishi mwingi wa vijiweni kuhusu chenso ni wa watu hawa wawili wasiojua kwamba wanazungumzia kazi mbili.

Takwimu za watengenezaji, uzito ukiwa bila baa wala cheni:

| | Stihl 070 | Stihl MS 382 | Husqvarna 372 XP |
|---|---|---|---|
| Ujazo wa injini | cc 106 | cc 72.2 | cc 70.7 |
| Nguvu | kW 4.8 | kW 3.9 | kW 3.9 (toleo jipya, X-Torq: 4.1) |
| Uzito | zaidi ya kilo 10 | kilo 6.2 | kilo 6.1 (X-Torq inazidi kidogo) |
| Cheni ya kawaida | .404, unene mm 1.6 | 3/8, unene mm 1.6 | 3/8, unene mm 1.5 |

Baa ni ule upanga wa chuma unaozungukwa na cheni. Namba za .404 na 3/8 ni nafasi ya viungo vya cheni, kwa inchi. Unene ni wa yale meno ya chini ya cheni yanayopita kwenye mfereji wa baa. Ile tofauti ya mm 1.5 na 1.6 ikumbuke, tutairudia.

070: mashine ya wapasuaji

070 ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1960 na mpaka leo haijafa. Ulaya na Marekani masharti ya moshi na usalama yameshaiondoa madukani, lakini Afrika, Asia na Amerika ya Kusini bado inatafutwa, iwe mpya, kuukuu au feki. Sababu ni injini. Silinda yake ya cc 106 hutoa nguvu yote kwenye mizunguko kama 7,000 kwa dakika, wakati 372 inabidi ifike karibu 9,600 ndipo itoe zake. Iegemeze kwenye gogo gumu la upana wa sentimita 80, haitaanza kuhema. Inaendelea tu kula. Cheni yake ya .404 nayo ina meno makubwa yanayouvumilia mchanga uliojificha kwenye magome kuliko yale ya 3/8.

Sasa ubaya wake. Ukifunga baa ya inchi 30 na cheni, ukajaza petroli na oili, umebeba zaidi ya kilo 13. Nyingi zilizoko huku hazina breki ya cheni. Mpini umefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa mashine, hakuna mpira wala springi katikati, kwa hiyo mtetemo wote unaingia mikononi. Mtu aliyeifanyia kazi miaka mingi utamjua asubuhi ya baridi: vidole vimekuwa vyeupe, vina ganzi, kufunga kifungo cha shati ni shughuli. Huo ni ugonjwa wa mishipa ya damu na ya fahamu unaoletwa na mtetemo, na ukishakomaa hauponi.

Halafu kuna hesabu ambayo wapasuaji huiruka. Cheni ya .404, pamoja na mkono usiotulia, hula karibu sentimita moja kwenye kila mstari. Ukitoa mbao za unene wa sentimita 2.5, maana yake katika kila sentimita 3.5 za gogo, moja imekuwa pumba. Zaidi ya robo ya mti inabaki chini. Kwenye mninga hiyo ni hela nyingi ya kukanyaga. Zipo fremu za chuma zinazofungwa kwenye baa na kuiongoza chenso ikate ubao ulionyooka, na 070 inazimudu bila kulalamika. Mwenye kazi hiyo, na mwenye fremu hiyo, nitamwambia anunue 070 na asisikilize mtu.

Lakini kuangushia misindano ya sentimita 30? Sioni kwa nini mtu aibebe. Au tuseme naona: ni mlio. Huku mashine inayonguruma inaaminiwa kuliko inayokata.

MS 382 na 372 XP: hapa ndipo uchaguzi ulipo

Kwa mkandarasi wa msitu wa kupandwa, daraja la cc 70 ndilo lake. Inabebeka siku nzima kwenye miteremko ya Makete, na inapoingia kwenye mkaratusi mkubwa haikwami. Kwenye karatasi hizi mbili zinafanana hadi inachosha, kwa hiyo tuangalie mambo ambayo karatasi hazisemi.

Vumbi kwanza. Pumba za msindano mkavu ni laini na zina utomvu, zikishika kwenye chujio la hewa zinaganda kama gundi. Husqvarna hii ina mpangilio unaotumia upepo wa gurudumu la injini kuzirusha nje chembe nzito kabla hazijafika kwenye chujio. Inasaidia kweli. MS 381, ambayo ndiyo kaka wa 382 na bado iko mikononi mwa watu wengi, chujio lake linataka kutazamwa kila unapojaza mafuta. Si kosa la kuifanya mashine mbaya, ila opereta mvivu ataiua mapema kuliko 372.

Mtetemo. 372 imening'inizwa kwa springi za chuma. 381 kwa mipira. Mipira ni mitulivu mikononi ikiwa mipya, lakini petroli na oili zikiimwagikia mara kwa mara huoza, mashine ikaanza kucheza na baa ikakata upande. Kuibadilisha ni kazi ndogo ikiwa spea ipo. Springi nazo hukatika, hasa mashine ikitumiwa kukwanyua gogo lililobana baa, jambo ambalo kila mtu anakatazwa na kila mtu analifanya.

Tabia. Stihl hizi ni tulivu na zinavumilia opereta anayegandamiza. Ukizizidishia mzigo zinapunguza kasi bila kuzima. 372 ni ya kasi, inakuwa tamu kwa mtu anayeiachia ijikatie yenyewe na ambaye cheni yake ni kali. Mpe 372 mtu mwenye cheni butu na mikono ya nguvu, ataichukia.

Sasa ile tofauti ya unene. Duka likikuuzia cheni ya mm 1.6 ukaipeleka kwenye baa ya Husqvarna ya mm 1.5, haitaingia. Kinyume chake ni kibaya zaidi kwa sababu inaingia: cheni ya mm 1.5 kwenye baa ya 1.6 inalala upande, inakata kona, na watu wanaanza kulaumu tupa. Baa zenyewe pia hazibadilishani, maana skrubu zinazoishika hazilingani. Za Stihl za daraja hili ni mm 12, za Husqvarna mm 9. Mwenye mashine nne, mbili za kampuni hii na mbili za ile, ana stoo mbili za spea. Kikosi cha mashine za aina moja kina faida ambayo haionekani siku ya kununua: moja ikifa, inazilisha nyingine.

Ukinunua Husqvarna, ujue kuna 372 ya zamani na 372 ya X-Torq. Ya X-Torq hunywa mafuta kidogo, mtengenezaji anasema hadi asilimia 20 pungufu, lakini silinda, pistoni na kabureta yake si zile za zamani. Muuza spea asiyekuuliza ni ipi hajui anachouza. Na 365 ya X-Torq ina ujazo uleule wa cc 70.7, imepunguzwa nguvu tu hadi kW 3.6 na bei yake ni nafuu. Kwa magogo ya dingidongo, ambayo mengi hayazidi sentimita 40, hutaona pengo hilo mara nyingi. Kwa mkandarasi anayeanza, 365 mbili naona ni bora kuliko 372 moja na matumaini.

Kuna na hizi mpya zinazojirekebisha kabureta kwa umeme, kama MS 462 ya M-Tronic na 572 XP ya AutoTune. Ni mashine nzuri mno: 462 ina kW 4.4 kwa uzito wa kilo 6 tu. Zikigoma, fundi anahitaji kifaa cha kuzisoma. Kama kifaa hicho kiko Dar es Salaam na wewe uko Bulongwa, subiri kwanza.

Basi ipi kati ya hizi mbili? Ile ambayo wakala wake ana rafu ya spea unayoweza kuifikia na kurudi siku hiyohiyo. Nenda dukani ukaombe vitu vinne kabla ya kuulizia mashine: plagi, sproketi, chujio la hewa na seti ya ringi za pistoni. Duka lenye mashine zinazong'aa dirishani na halina sproketi limeshakujibu. Vikiwa vyote sawa, mimi nachukua 372 kwa sababu ya lile chujio.

Za Kichina

Zile zinazoitwa 5800, za rangi zote za upinde wa mvua, hazistahili matusi yote zinayotukanwa. Mwenye ekari tatu za misindano yake, anayeangusha miti kwa siku chache za mwaka na kukata kuni, hana sababu ya kulipa mara kadhaa ya bei hiyo. Spea zake ziko kila duka la pembejeo na fundi wa bodaboda anazielewa. Cc zilizoandikwa kwenye kava punguza kidogo kichwani mwako, cheni iliyokuja nayo itupe ununue ya jina, na breki ijaribu kabla hujatoka dukani.

Kwa kazi ya kila siku ni hesabu mbovu. Kitu kinachoziua ni beringi za krenki na pampu ya oili ya cheni. Zikianza kwenda, unanunua spea leo na kesho, na siku mashine inapolala vijana wako bado wanakula na lori bado linasubiri.

Nisizozipenda kabisa ni nakala za 070 na za 381 zinazouzwa kwa jina la Stihl. Anayekuuzia mashine ya Kichina kama mashine ya Kichina ni mfanyabiashara. Huyu mwingine ni tapeli. Stihl huuzwa kupitia mawakala wenye karakana, si kwenye turubai la mnadani. Namba ya mashine huwa imegongwa kwenye mwili wenyewe, si kibandiko tu, na cheni yake ina jina lililogongwa kwenye chuma. Feki nyingi hujisaliti kwenye plastiki: kingo zina makapi, na herufi za jina zimekaa upande.

Milima, bonde na kabureta

Hili ndilo linaloua mashine nzuri huku kwetu, na ni mara chache duka kulisema. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini za namna hii hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Zile kW 3.9 za kwenye jedwali, huku ni kama 3.2. Zaidi ya hapo, mashine iliyorekebishwa Dar ikiletwa Njombe inapata petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi, inakuwa nzito. Inaudhi, lakini haifi.

Kinachoiua ni safari ya kurudi. Fundi wa Njombe ameibana skrubu ya H ya kabureta, ile inayopima petroli ya kasi kubwa, hadi mashine ikaimba vizuri. Kisha unapata kazi ya mitiki bonde la Kilombero, karibu mita 300 tu kutoka usawa wa bahari. Hewa kule ni nzito, petroli iliyopimwa kwa hewa ya mlimani haitoshi, na katika petroli ndimo ilimo oili ya kulainisha pistoni. Mashine itakuwa na kasi tamu kuliko siku zote, opereta atasifu, na kabla wiki haijaisha pistoni imenata kwenye silinda.

Ukishuka, fungua H kidogo kabla ya gogo la kwanza. Ukibana petroli yote mashine ikiwa nje ya mti, mlio uwe na mkwaruzo kidogo, kama inakohoa. Ikiingia kwenye mti mkwaruzo uishe. Ikilia mlio mwembamba na safi nje ya mti, imekosa petroli, usikate nayo mpaka ufungue H zaidi. Skrubu ya L ni ya mzunguko wa taratibu. Ile ya tatu, Stihl wanaiita LA na Husqvarna T, irekebishe mpaka cheni isimame kabisa unapoachia mkono.

Kuhusu mchanganyiko kampuni hizi zinatofautiana, na wengi hawajui. Ukitumia oili ya 2T ya kampuni yenyewe, zote zinataka 1:50, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Ukitumia oili ya 2T ya kawaida, Stihl wanasema 1:25, yaani mililita 200, na Husqvarna 1:33, yaani 150. Oili namba 40 ya gari si oili ya 2T hata ukiizidisha. Petroli ya chupa za barabarani sitaizungumzia.

Oili ya cheni watu huweka oili chafu ya magari. Ina vumbi la chuma linalosaga pampu na baa, na inarukia ngozi yako siku nzima. Oili safi ya bei ndogo inatosha.

Kunoa: cheni ya 3/8 ya Stihl inataka tupa ya mm 5.2 (ya Husqvarna 5.5), ya .404 inataka 5.5, na ile ya .325 iliyo kwenye nyingi za 5800 inataka 4.8. Pembe ni nyuzi 30 kwa kukata, karibu 10 kwa kupasua. Kile kidole kidogo mbele ya jino kikae chini ya jino kwa mm 0.65 (kwa .404 ni 0.8), ukikishusha zaidi ili cheni "ile haraka", ndipo mashine inaanza kurusha. Baa igeuze juu chini kila unapobadilisha cheni, na sproketi uibadilishe kila baada ya cheni mbili.

Kurusha huko hutokea pembe ya juu ya ncha ya baa inapogusa mti, mashine ikaruka nyuma kuelekea uso. Breki ya cheni iliwekwa kwa ajili hiyo, ndiyo maana nashikilia sana suala la 070. Suruali ya kinga, kofia na viatu vigumu vihesabu ndani ya bei ya mashine. Opereta asiyefundishwa, mpeleke kozi. FITI, chuo cha viwanda vya misitu pale Moshi, kazi yao ndiyo hiyo. Na kabla chenso haijaingia msituni, pita ofisi ya misitu ya wilaya au TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) uulize vibali: shamba lako la misindano na msitu wa hifadhi si kitu kimoja mbele ya Sheria ya Misitu ya 2002.

Kuukuu

Fedha yako ikitosha 5800 mbili mpya au 372 moja iliyotumika, na kazi ni ya kila siku, nenda na iliyotumika, ila uikague. Inyanyue kwa kamba ya kuwashia, injini ikiwa imezimwa na baridi: ishuke polepole kwa vituo. Ikidondoka moja kwa moja, kompresheni hakuna. Shika gurudumu la injini ulitikise juu na chini; likicheza, beringi za krenki zimekwenda. Kisha fungua ekzosi, ni skrubu chache tu, na umulike pistoni kwa tochi ya simu. Inapaswa kuwa laini, yenye mistari hafifu ya kiwandani inayokwenda kwa mlalo. Ukiona mikwaruzo ya wima, imeshanata mara moja na itanata tena. Dai pia risiti au karatasi yoyote yenye namba ya mashine, kwa sababu chenso huibwa sana kambini. Muuzaji akikukataza kufungua ekzosi, mwachie mashine yake.